Mzazi mwenzangu, miaka miwili ya kusubiri dani sio wizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi lakini hili nimeshindwa kulifupisha. Nimesoma barua ya yule mzazi mwenzetu anayesema kijana wake ana mkanda mweusi wa taekwondo, dani ya pili (dani ndo ngazi za mkanda mweusi), anapiga mateke kuliko wote pale wanapofanyia mazoezi, lakini mwalimu anamwambia asubiri miaka miwili ndo afanye mtihani wa dani ya tatu, na mzazi anaona hapo kuna mtu anataka kuendelea kula ada ya kila mwezi. Mzazi mwenzangu nakuelewa, hela inauma, lakini hapo umemwonea huyo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Tanga, nina miaka 43, na mwezi ujao naingia kwenye mtihani wa dani ya nne, kwahiyo haya ninayoandika sio ya kusimuliwa.

Huo muda hakuutunga mwalimu wa kijana wako. Umewekwa Seoul, Korea Kusini, kwenye Kukkiwon, ndo makao makuu yenyewe, jengo lilifunguliwa mwaka 1972 pale Gangnam, na vyeti vya dani kwa sisi tunaofuata taekwondo ya Olimpiki vinatoka huko. Dani ya kwanza kwenda ya pili ni mwaka 1 usiopungua, ya pili kwenda ya tatu miaka 2, ya tatu kwenda ya nne miaka 3, ya nne kwenda ya tano miaka 4, inapanda hivyo hivyo, ila ya saba kwenda ya nane inaruka mpaka miaka 8, na aliye na ya nane akiitaka ya tisa anakaa miaka 9. Kwa utaratibu wa kawaida ukijumlisha yote toka dani ya kwanza ni miaka 38. Wenzetu wa upande wa ITF, shirikisho jingine la taekwondo, lile lililoanzishwa na Choi Hong Hi mwaka 1966, wana utaratibu wao na mifululizo yao 24 ya kuzuia na kupiga wanayoiita tul, lakini na wao pia wanasubiri, hakuna upande ambao mtu anapanda kila akijisikia.

Sasa swali lako la msingi naliheshimu, uliuliza huyo kijana miaka miwili anasubiri nini kama mateke anayajua. Hapo ndo nataka nikae kidogo.

Wengi wetu taekwondo tumeijua kwenye tivii. Mimi nakumbuka Olimpiki ya Rio 2016, Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast fainali ya kilo 80 dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza, alikuwa nyuma kwa pointi, saa inaisha kabisa, akazunguka akapiga teke la kichwani sekunde ya mwisho akachukua dhahabu 8 kwa 6. Nililia. Baada ya hapo nimeona wazazi wengi wanaleta watoto na wote wanataka lile teke. Ni sawa, lakini yale ni mashindano, na mtihani wa kupanda dani ni kitu kingine. Kwenye mashindano unatafuta pointi kwa mpinzani, kwenye mtihani unasimama mbele ya meza ya watu waliokuzidi dani na miaka, na wanaangalia kisigino chako.

Nikupe mfano wa kijana wako mwenyewe. Pumse yake kubwa ya kwendea dani ya tatu inaitwa Keumgang. Pumse, kwa asiyejua, ni mfululizo wa mitindo ya kuzuia na kupiga unaofanya peke yako bila mpinzani, kwa mpangilio ambao haubadiliki. Hiyo Keumgang ina hatua 27 na ndani yake hamna teke hata moja. Hata moja! Jina maana yake almasi, na mstari unaoutembea chini unachora herufi ya Kichina ya mlima. Kuna mahali unasimama kwa mguu mmoja, wanaita msimamo wa korongo, mguu mwingine umekunjwa umegusa goti, mkono mmoja umeenda juu kuzuia kichwa na mwingine umeenda chini, na yote hayo unayafanya taratibu, taratibu sana, pumzi inatoka kidogo kidogo, alafu baada ya hapo unatua kwa kishindo umepanua miguu kama umekaa juu ya farasi. Kijana wa miaka 19 mwenye mateke mazuri akifika hapo anatikisika kama mlingoti. Nimewaona wengi. Nguvu anazo, ila hajazoea kutulia na nguvu zake, na hicho kitu hakifundishwi kwa miezi miwili, miguu yenyewe inahitaji muda, nyonga, kifundo, hata macho, maana macho yakihama tu mwili unayafuata.

Mimi nilijifunza kusimama korongo kule Raskazone, alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, pekupeku kwenye mchanga uliolowa. Mchanga hauna huruma, ukiegemea nje unazama nje, ukiegemea ndani unazama ndani, unasoma kwenye unyayo wako mwenyewe ulipokosea. Nilianza na sekunde kumi nikiwa napepesuka, nikawa naongeza. Wavuvi walizoea mpaka wakawa wananisalimia nikiwa nimesimama hivyo hivyo na mguu mmoja, na mimi naitikia bila kugeuza shingo.

Dani ya nne ninayoiendea mimi pumse yake ni Taebaek, hatua 26, ni jina la mlima ambao Wakorea wanasimulia kwamba Dangun alianzishia taifa lao. Inaanza kwa msimamo wa simbamarara, uzito wote upo mguu wa nyuma, wa mbele umegusa kwa ncha tu, mikono miwili inafungua chini kwa upande wa kiganja, teke la mbele, ngumi mbili. Inaonekana rahisi. Nimeifanya kwa miaka na bado mwanangu mkubwa anayenirekodi kwa simu ananiambia mama kisigino cha mbele kimeshuka tena. Ana miaka 12 na anaona kuliko mimi. Usiku watoto wakishalala naangalia hizo video, nasimamisha, narudisha nyuma, naandika kwenye daftari, hatua ya tatu bega la kulia limepanda, hatua ya kumi na moja nimekimbilia, kesho yake narekebisha vitu viwili tu, sio kumi, maana ukibeba kumi unarudi na sifuri.

Na sio hiyo Taebaek peke yake. Mezani wanaweza kukuambia ufanye pumse yoyote ya chini, zile Taegeuk nane za mikanda ya rangi, kwahiyo mtu wa dani ya tatu anatakiwa arudi akajifunze upya Taegeuk ya kwanza kabisa aliyoifanya akiwa na mkanda mweupe au njano. Hapa ndo watu wengi wanaaibika. Unamkuta mtu anaruka vizuri lakini Taegeuk ya nne ameisahau katikati. Sabumu wetu, yaani mwalimu wetu mkuu, ana kawaida ya kututajia namba tukiwa tumechoka kabisa mwisho wa mazoezi, anasema sita, unaanza sita hapo hapo, jasho limeingia machoni, na hakuambii kwanini.

Alafu kuna kuvunja mbao. Watu wanaona kama mambo ya maonyesho, sio kweli, ule ubao unapima kitu ambacho pumse haiwezi kupima, kama teke lako linafika na uzito au linafika na upepo tu. Huku kwetu tunatumia mbao za paini, hizi zinazotoka Mafinga, mashamba ya Sao Hill, fundi seremala anatukatia vipande. Naomba mzazi uliyeandika ulijue hili maana kijana wako siku moja atakutuma: usimnunulie mninga wala mkongo, atavunjika mguu yeye. Ubao uwe laini, uwe mkavu, na nyuzi zake ziende kwa upande, zisisimame, anayeshika ashike kwa viganja na vidole visipite mbele. Tanga kuna unyevu, ubao uliokaa stoo ya wazi unakuwa kama mpira, unalirudisha teke kwenye goti lako. Goti langu la kulia liliumia mwaka 2021 kwa ubao wa namna hiyo, nilipiga teke la nyuma, ubao haukuvunjika, nikasikia kitu kimevutika ndani. Nilikaa miezi saba bila kuruka. Mwaka huo huo ndo miaka yangu mitatu ya kusubiri ilikuwa imetimia.

Nilitaka nifanye mtihani hivyo hivyo mwaka uliofuata. Sabumu akakataa. Nilikasirika, sikwenda mazoezini wiki tatu, nilisema maneno yale yale uliyoyaandika wewe mzazi mwenzangu, kwamba huyu ananichelewesha, kwamba kuna wengine wamefanya na mimi najua kuliko wao. Nilivyorudi hakunisema, alinipa tu watoto wa mkanda mweupe niwafundishe, siku mbili kwa wiki, na mimi nikaona ananidharau. Miezi ikapita. Ilikuja kunielea siku moja binti mmoja mdogo aliniuliza kwanini ngumi inazunguka mwishoni na isizunguke mwanzoni, na mimi mwenye dani ya tatu sikuwa na jibu, nilikuwa najua kuifanya tu. Nikaenda kutafuta jibu. Kisha wakauliza jingine. Dani ya nne ndo inayofungua mlango wa kuitwa sabumu na kuwapendekeza wengine kwa mitihani yao ya dani, kwahiyo ukiipata halafu hujui kuelezea kwanini, unawaharibu watu, hujiharibu peke yako. Ile miaka niliyokasirikia ndo niliyojifunza kufundisha.

Na mimi nina sababu nyingine ya kuandika kwa uchungu. Nilianza taekwondo mwaka 2008 mji mwingine, nikiwa bado msichana, kwenye klabu ambayo sitaitaja. Pale gredingi, yaani mtihani wa kupanda mkanda, ilikuwa kila mwezi na kila mwezi unalipa, unapewa mkanda mwingine, njano, kijani, bluu, nyekundu, yaani kama unapanda ngazi ya umeme. Baada ya miezi 14 nikafungwa mkanda mweusi, cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu, tukapiga picha, baba yangu akakiweka kwenye fremu sebuleni na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa. Mwaka 2010 nikahamia Tanga kikazi, nikaenda kujitambulisha kwa sabumu wa hapa na mkanda wangu mweusi kiunoni. Akaniomba nifanye Koryo. Sijui kama unaelewa, Koryo ndo pumse ya kwanza ya mtu mwenye mkanda mweusi, ina hatua 30, ni kama mwalimu wa Kiswahili aambiwe asome gazeti. Mimi nilikuwa sijawahi hata kulisikia hilo jina. Akaomba cheti, akaangalia, akaniambia hiki hakijatoka Kukkiwon, hakina namba yao, na jina langu huko halipo.

Niliuvua mkanda pale pale nikaukunja nikauweka kwenye begi. Nikaanza tena na mkanda mwekundu nikiwa katikati ya vijana wa sekondari. Dani ya kwanza ya ukweli nimeipata 2012, ya pili 2014, ya tatu 2018. Kilichoniuma zaidi sio hela za ile miezi 14, ni kumwambia baba kile cheti ukutani akishushe. Hakuuliza mengi, alikishusha, fremu akaiwekea picha ya harusi ya kaka.

Ndo maana mzazi mwenzangu ukiniambia mwalimu anamzuia kijana asubiri, mimi nasikia habari njema. Wa kumwogopa ni yule anayekuambia mtoto yuko tayari kila mwezi. Kuna vitu unaweza kuviangalia mwenyewe bila kujua taekwondo. Cheti cha dani cha Kukkiwon kina namba na kumbukumbu yake ipo kwao, kwenye tovuti yao unaweza kuhakikisha, kwahiyo omba uone cha mwalimu kabla hujaomba cha mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka 15 hapewi dani kamili, anapewa kinachoitwa pum, mkanda wake nusu mwekundu nusu mweusi, sasa ukiona mtoto wa miaka tisa ametangazwa ana dani ya pili uliza vizuri. Uliza pia mtahini ni nani na ana dani ya ngapi. Mwalimu wa kweli hachukii kuulizwa hivyo, anafurahi.

Na usije ukadhani ubora lazima uwe kwenye majumba yenye viyoyozi na mikeka ya kutoka nje. Parfait Hakizimana, Mrundi, alipigwa risasi akiwa mtoto mkono wa kushoto ukaharibika, akaja kuwa mkimbizi kwenye kambi ya Mahama kule Rwanda, na kambini hapo hapo akawa anafundisha wakimbizi wenzake taekwondo, watoto kwa wakubwa, na kutoka kambini akaenda kushindana Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, mara ya kwanza kabisa taekwondo kuingia kwenye Paralimpiki. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari zake wakianza kulalamika sakafu yetu ya simenti.

Kitu kingine ambacho sijaona mtu anakiandika ni sparing, yaani kupigana na mpinzani, kwa mtu mzima. Kwenye mtihani napigana na watu, na hapa Tanga wenye dani wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu, mmoja ni mwanafunzi wa chuo ana miguu mirefu balaa. Siwezi kushindana naye kwa kasi, hilo nimelikubali. Nimetumia mwaka mzima kujifunza umbali, kwamba nikisimama nusu hatua ndani ya teke lake linapita bila nguvu, na nikisimama nusu hatua nje halifiki, na sehemu mbaya ni ile ya katikati ambako ndo nilikuwa nasimama miaka yote. Kujua hivyo kumenipa michubuko ya kutosha, mume wangu alikuwa ananiuliza kama kweli hicho ni kitu cha hiari. Lakini wiki mbili zilizopita tulipigana raundi tatu na sikupigwa kichwani hata mara moja, yule kijana akaja akanipa mkono kwa mikono miwili akasema mama leo sikukupata.

Kwa sasa ratiba yangu ni hii, kwa wale wanaojiandaa na wao: alfajiri siku nne kukimbia na kusimama kwenye mchanga, jioni siku tatu mazoezi ya darasa, Jumamosi pumse zote toka Taegeuk ya kwanza mpaka Taebaek bila kukaa, Jumapili napumzika kabisa na simaanishi kupumzika kwa kufua. Mfungo ulipoingia nilihamisha yote baada ya futari, nikapunguza kuruka, nikaongeza zile sehemu za taratibu. Goti nalifunga, na barafu ipo kwenye friji siku zote. Mateke ya kuruka nafanya mara mbili tu kwa wiki maana mwili wa miaka 43 ukiudai kila siku unakusomea hesabu zote kwa pamoja.

Mhariri na wewe nina ombi kwako. Kurasa za michezo zinaandika medali, na ni vizuri, lakini mtihani wa dani haujawahi kupata hata mistari mitano, ndo maana wazazi wanabaki kubahatisha na wajanja wanapata mwanya. Tumeni mwandishi akae siku moja, aone mtu wa miaka hamsini anavyotetemeka akiitwa jina kuliko mtoto. Aandike na majina ya walioambiwa bado wakarudi mwaka unaofuata, kama wenyewe wataridhia, mimi langu ruksa.

Na wewe mzazi mwenzangu, kama utakuwa Tanga mwezi ujao mlete kijana wako aangalie, mtihani wetu uko wazi na hamna kiingilio. Mwambie asiangalie mateke, akae upande wa benchi aangalie miguu ya watu wakiwa wamesimama tu kabla hawajaamriwa kuanza. Tunapanga mstari kwa dani, mkubwa anakaa mbele kulia, kwahiyo mimi ataniona kwa haraka, mwanamke mwenye hijabu nyeupe na goti la kulia lililofungwa bandeji, mstari wa mbele, wa kwanza kulia.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga